Kilwa Kisiwani: Kuta Zimebaki, Wenyewe Hawapo

Tuliondoka Mwananyamala baada ya Sala ya Alfajiri, wanakamati wa msikiti pamoja na vijana wa madrasa. Kesho yake tulivuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko. Mbele ya Msikiti Mkuu wa mawe ya matumbawe, kijana mmoja aliuliza: "Ustadhi, walioujenga walishindwaje?"

Tulimweleza. Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika hapa, akamsifu Sultani al-Hasan bin Sulaiman kwa ukarimu hata akaitwa Abu al-Mawahib, yaani mwenye kutoa. Dhahabu ya Sofala ilipitia bandari hii. Kisha wakubwa wakaanza kugombea kiti. Wareno wa Francisco de Almeida walipoushambulia mji mwezi Julai 1505, walimkuta Amiri Ibrahim, ambaye haki yake ya kutawala ilikuwa ikipingwa. Mizinga iliikuta nyumba imekwisha gawanyika.

Tulinyamaza. Nasi tulikuwa na miezi kadhaa baadhi yetu hatusalimiani kwa sababu ya uongozi wa kamati. Usiku ule, baada ya Sala ya Isha, wawili walioanzisha ugomvi walipeana mikono mbele ya vijana. Mengine bado tunayazungumza, lakini tunayazungumza tukiwa safu moja.