Dhahabu Nyekundu

Dhahabu hujulikana machoni kwa umanjano wake na mkononi kwa uzito wake. Ile ya Sekenke, huko Iramba katika uwanda huu huu wa kati, ilichukuliwa Tabora wakati wa vita, mwaka 1916, ikafuliwa sarafu za rupia 15 zenye sura ya tembo. Lakini iko dhahabu nyingine katika nchi ya Chamwino ambayo mkono hauwezi kuipima, wala haina umanjano wowote. Hukaa zahanati, ndani ya kipande cha plastiki chenye urefu wa kidole, nayo ni nyekundu.

Msichana mmoja wa Kigogo, mzaliwa wa Chamwino, aliuona mara nyingi utotoni mstari mwekundu wa kipimo cha haraka cha malaria pasipo kujua kuwa ni dhahabu. Alilijua jambo hilo chuoni, alikokwenda kusoma kemia. Na kwa kuwa hakuwa mtu wa kuridhika na kuambiwa, alitaka kuitengeneza mwenyewe.

Njia aliyoifuata ni ile iliyoelezwa na John Turkevich na wenzake mwaka 1951. Kloridi ya dhahabu huyeyushwa katika maji mengi, maji huchemshwa, kisha hutiwa sitrati ya sodiamu, ambayo ni chumvi ya asidi ile ile iliyomo katika ndimu. Katika kloridi, dhahabu imepokonywa elektroni zake. Sitrati huirudishia, na atomu zilizorejea hali ya metali huanza kutafutana na kukusanyika. Maji yaliyokuwa ya manjano hafifu hupoteza rangi, huingia weusi wa buluu, hupita zambarau, na baada ya dakika chache huwa mekundu kama divai ya zabibu za Dodoma. Mililita 100 za maji hayo zaweza kuwa na miligramu 5 tu za dhahabu, nazo zimegawanyika chembe trilioni 60 hivi, kila moja ina upana wa nanomita 20. Katika chembe ndogo kiasi hicho elektroni huyumba pamoja zinapopigwa na mwanga. Humeza sehemu yake ya kijani, na wekundu ukapita.

Sitrati, basi, ina kazi mbili. Ya kwanza ni hiyo ya kurudisha elektroni. Ya pili ni kuizunguka kila chembe na kuivika chaji hasi, hata chembe mbili zikikaribiana zifukuzane. Kazi ya kwanza huisha kwa dakika chache. Ya pili haina siku ya kuisha, maana chembe zikiachwa bila mlinzi hushikana na kuanguka. Watu hushangilia ile ya kwanza na kuisahau hii, na msichana huyu alikuwa mmoja wao.

Maji yake yalifika zambarau yakakataa kuwa mekundu. Jioni yalikuwa na rangi ya majivu. Asubuhi weusi ulikuwa umelala chini ya chupa. Akailaumu mizani. Akarudia, akaulaumu moto. Mara ya tatu hakuwa na kitu cha kulaumu, na kloridi iliyobaki ilitosha jaribio moja tu, nayo si bidhaa ambayo mwanafunzi huomba nyingine kwa uso mkavu.

Kosa lilikuwa katika kusuuza. Vyombo alivisuuza kwa maji ya kisima, na visima vingi vya Ugogo vina maji ya chumvi, hata mgeni akionja chai yake ya kwanza hukunja uso. Yeye alikulia maji hayo. Ulimi wake haukumwonya. Chumvi huififisha chaji iliyozitenga chembe, nazo zikagusana. Michael Faraday aliyaona hayo hayo London, katika utafiti alioutangaza mwaka 1857: dhahabu nyekundu ikitiwa chumvi hugeuka buluu. Msichana alisuuza tena kwa maji yaliyokenekwa, yaani mvuke uliopozwa ukawa maji, akalitumia jaribio lake la mwisho. Safari hii wekundu ulikuja, ukakaa.

Hapo ndipo alipopata swali la kweli. Damu nayo ina chumvi. Mbona dhahabu ya zahanati haigeuki majivu katika damu? Jibu ni kwamba ile haikuachiwa ulinzi wa sitrati peke yake. Juu yake hubandikwa protini: kingamwili zinazoitambua protini ya vimelea vya malaria, na nyingine za kuziba nafasi zilizobaki. Watengenezaji huupima ulinzi huo kwa kuichokoza dhahabu kwa chumvi. Ikibaki nyekundu, imekingwa.

Likizoni alimkuta bibi yake na homa, naye Bibi ameshaikata kesi kuwa ni malaria. Zamani hata zahanati ingekubaliana naye, kwani homa nyingi zilipewa dawa ya malaria bila kupimwa. Ni mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani liliposhauri kila anayeshukiwa apimwe kwanza, na katika nchi kavu kama Ugogo ushauri huo una uzito wa pekee. Muuguzi alidondosha tone la damu, wakangoja dakika 15. Ulitokea mstari mmoja, ule wa kuthibitisha kuwa kipimo ni kizima. Wa pili haukuonekana.

“Si malaria, Bibi,” alisema msichana. “Na huo mstari unaouona ni dhahabu.”

Bibi alikitazama kile kipande kwa muda. “Dhahabu, mjukuu wangu? Na baadaye mnaipeleka wapi?”

Muuguzi alikuwa amekwisha kukitupa katika sanduku la taka, akamwuliza Bibi kikohozi kilianza lini.