Damu Yake na Damu ya Wengine

Baba yetu mkubwa alipasuliwa huko Bruxelles, kwa sababu ule mshipa mkubwa utokao moyoni na kushuka tumboni ulikuwa umevimba kama kibofu. Mshipa huo ukipasuka, mtu hufa upesi. Sisi tuliomsindikiza tuliketi nje tukisali rozari, na hofu yetu ilikuwa damu. Mtu mzima ana damu lita tano hivi, na katika kazi ya namna hii huenda nyingi ikamwagika.

Mganga alikuwa ametueleza kwamba damu ya mzee haitatupwa. Bomba huinyonya pale inapomwagika, huchanganywa na dawa ya kuizuia isigande, na kuchujwa. Kisha mashini huizungusha kwa nguvu na kuiosha kwa maji ya chumvi, na chembe nyekundu hurudishwa mwilini mwake. Wazo lenyewe ni la zamani: mwaka 1886 John Duncan, mpasuaji wa Edinburgh, aliandika jinsi alivyowarudishia damu yao watu aliowakata miguu.

Tulifurahi mno, tukaambiana: “Mungu asifiwe, mzee hatakuwa na deni la damu kwa mtu.” Lakini kazi ilipokwisha, mganga alitusahihisha kwa upole. Mashini huokoa chembe nyekundu tu. Maji ya damu na vile viisaidiavyo kuganda hupotea. Tena si damu yote iliyookotwa. Kwa hiyo mzee alipewa pia damu ya watu wasiomjua.

Tukanyamaza. Maana tulikumbuka siku ile kwetu, dada yetu alipozaa na kutokwa na damu nyingi. Mganga alituomba damu, nasi wanaume tukatoka mmoja mmoja: huyu eti ana kazi, yule eti damu ikitoka hairudi. Dada alipona kwa damu ya mwanafunzi mmoja asiye wa ukoo wetu.

Wasomaji wapenzi, tumshukuru Mungu kwa akili aliyowapa waganga. Walakini mashini haimwondolei mkristu wajibu wa mapendo. Tuliporudi nyumbani tulikwenda hospitali, tukakunja mikono ya shati. Mmoja wetu alikataliwa kwa kuwa damu yake ni pungufu, watatu tulitoa. Ilikuwa kazi ya dakika chache tu, nasi tulikuwa tumeiogopa miaka mingi.