Uwezo na Gharama Yake

Ungejaliwa kutamka haja ya moyo wako ikatimia papo hapo, ungetamka nini?

Swali hili lilinikabili siku wanafunzi wangu waliponifundisha Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza wahusika uliochapishwa Marekani mwaka 1974. Kila mchezaji hubuni mhusika wake, na dadu yenye nyuso 20 huamua kama jaribio limefaulu.

Mhusika wangu alikuwa mchawi wa daraja la juu. Aliweza kusimamisha wakati au kuporomosha vimondo kutoka angani. Hata hivyo, uganga mkuu kama huo aliumudu mara moja tu, kisha sharti apumzike.

Joka likamuua mwenzetu. Nilibakiwa na uganga wa Tamanio, unaoweza kulazimisha dadu ya punde irushwe upya. Kanuni zilitaja gharama: ukiutumia hivyo, kuna uwezekano wa asilimia 33 kwamba hutauweza tena kamwe. Nilisita, mkono ukinitetemeka. Nikautamka. Dadu ikarushwa upya, pigo la joka likakosa, mwenzetu akanusurika. Mchawi wangu akaupoteza uganga ule daima.

Tambua, mwanafunzi wangu, kwamba uwezo ule haukunishangaza kama gharama yake: iliandikwa wazi, na aliyeilipa ni mwenye uwezo mwenyewe. Tangu hapo, mgombea anapoahidi makubwa, siulizi tu ataweza nini. Nauliza pia: gharama ataibeba nani?