Mstari wa Mashua na Gundi ya Skochi

Haraka haraka haina baraka. Methali hii sote twaijua tangu utoto. Lakini fundi aliyemaliza kupaka rangi, mwenye hamu ya kuiona kazi yake, huisahau upesi sana.

Hapa Bukavu, mji ulionyosha rasi zake katika Ziwa Kivu kama vidole vya mkono, sisi twachonga mashua ndogo za mti, za kuwekwa mezani au kufundishia watoto. Hasa twapenda kuiga vyombo vya wavuvi wa sambaza: mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, pamoja na wavu wake na taa zake za usiku. Samaki hao waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika kati ya mwaka 1958 na 1960, na leo ni chakula cha nyumba nyingi. Twachonga pia boti za abiria, na kila boti twaipaka rangi mbili: chini nyekundu, juu buluu. Katikati twaweka mstari mweupe. Mstari huo waonyesha mpaka ambao maji yasiupite.

Labda mtu atauliza: mbona mwasumbukia mstari mwembamba kama huo? Huko Uingereza, mbunge Samuel Plimsoll alishindana miaka mingi na wenye meli waliopakia kupita kiasi, hata mwaka 1876 sheria ikaagiza kila meli ichorwe alama ya mwisho wa shehena. Na sisi watu wa Kivu hatuna haja ya kwenda mbali. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyojaa abiria kutoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, watu wakiiona kutoka ufukoni. Barabara ilikuwa imefungwa kwa sababu ya vita, na wengi hawakuwa na njia nyingine. Kwa hiyo twataka kijana auchore mstari huo kwa mkono wake mwenyewe, na uwe safi, usiwe na doa la kuuficha.

Ili mstari unyoke, twabandika skochi, yaani utepe wenye gundi. Utepe wa wapaka rangi ulibuniwa Marekani mwaka 1925 na Richard Drew, kwa ajili ya mafundi wa magari ya rangi mbili. Walikuwa wakitumia karatasi zenye gundi kali, na kila walipozibandua, rangi ilitoka nazo. Taabu yao ndiyo taabu yetu.

Basi, yafaa kuzuia kabla ya kuponya. Kwanza, rangi ya chini ikauke kabisa. Mji wetu uko juu, kiasi cha mita 1,500, na siku za mvua hewa ni baridi na yenye unyevu. Rangi ya mafuta huweza kuonekana kavu huku ndani ingali laini. Ngoja siku kadhaa. Pili, chagua utepe wa karatasi wa wapaka rangi, wala si ule wa kahawia wa kufungia maboksi. Tatu, ubandike kwanza juu ya nguo safi na kuubandua, ili ukali wa gundi upungue. Nne, sugua ukingo wake kwa ukucha, kisha pitisha kidogo rangi ileile ya chini, izibe matundu. Ndipo upake rangi mpya. Tano, usiuache utepe juani wala usiuache ulale wiki nzima: joto huilainisha gundi ikaingia katika rangi, na muda huifanya ngumu. Uvute polepole, ukiukunja kurudi nyuma, rangi mpya ikiwa bado haijakauka sana.

Na kama gundi imekwisha kubaki? Usichukue kisu. Anza na dawa iliyo pole kuliko zote. Sugua kwa kidole, gundi ijikunje kama vipele vidogo. Au bandika kipande kipya cha skochi juu yake na kukivuta ghafula. Ikikataa, weka kitambaa chenye maji ya vuguvugu na sabuni. Ikikataa tena, paka mafuta ya karanga, ngoja dakika kumi, pangusa, kisha osha kwa sabuni, maana rangi haishiki penye mafuta. Mawese yasitumike juu ya rangi nyeupe, kwani yatatia doa.

Dawa ya mwisho ni mafuta ya taa, tone moja katika kitambaa, mbali na moto, na juu ya rangi ya mafuta iliyokauka kabisa. Jaribu kwanza chini ya mashua, mahali pasipoonekana. Hapa kwetu mafuta hayo huitwa petroli. Wageni wasidhani twasema esansi ya magari. Esansi, tina na dawa ya kuondolea rangi ya kucha huweza kula gundi pamoja na rangi yenyewe, na mstari wote ukapotea.

Vijana, kazi hii yataka siku, wala si saa. Wazazi, waulizeni watoto wenu maana ya mstari ule mweupe, nao wawaeleze. Na mkifika bandarini, mkaona maji yamekwisha kupanda juu ya mpaka wa boti, msione haya kushuka na kungoja boti nyingine.