Spana za inchi za babu: usiziuze kwa kilo

Dar es Salaam ina reli za vipimo vitatu. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga hapa mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, ina upana wa mita moja kamili. Reli mpya ya SGR ina milimita 1,435, yaani futi nne na inchi nane na nusu. TAZARA, iliyojengwa na Wachina kati ya 1970 na 1975, ina milimita 1,067. Hizo ni futi tatu na inchi sita, kipimo kilichokuwa tayari kinatumika Zambia. Wachina kwao hupima kwa mita, lakini hapa walifuata inchi, kwa sababu treni lazima ipite.

Mambo ni hayo hayo Gerezani, mtaa wa mafundi wa vyuma. Aliye chini ya gari anaagiza "spana kumi na tatu", na hizo ni milimita. Duka la pili mteja anataka bomba la nusu inchi. Nondo ni milimita 12, misumari ni inchi nne, mbao ni mbili kwa nne. Hata tepu yenye sentimita bado tunaiita futi.

Kwa hiyo mzazi, kama mzee amekuachia sanduku la spana za inchi, usikimbilie mnunuzi wa vyuma chakavu. Huyo hununua uzito tu. Kaa na kijana wako mchambue moja moja.

Zenye mdomo uliopanuka au ufa ziende, ziwe za inchi au za milimita. Zitateleza na kuumiza mkono.

Nzima zigawanyeni. Inchi moja ni milimita 25.4. Robo tatu inchi ni milimita 19.05, hivyo spana hiyo inashika nati ya 19 vizuri. Nusu inchi ni 12.7, haiingii kwenye nati ya 13. Ukichukua 13 ukafungua nati ya nusu inchi, itaingia lakini italegea, na nati ikikaza utaila kona zake. Hapo ndipo spana ya babu inapookoa kazi.

Ukiona herufi W, ni kipimo cha Whitworth, Mwingereza aliyepanga hesi za bolti mwaka 1841. Namba yake hutaja unene wa bolti, si mdomo wa spana. Iliyoandikwa ¼ W ina mdomo wa zaidi kidogo ya milimita 13. Kama nyumbani hakuna mashine ya zamani ya Kiingereza, mpe fundi anayeitengeneza.

Vifaa vya kukatia hesi za mabomba msivitoe kabisa. Mabomba yetu bado ni ya inchi.

Zilizobaki zipakeni oili, ziwekwe sanduku lake peke yake, na rangi nyekundu kwenye mpini. Zikichanganyika na za milimita, kijana atashika isiyo yake na kuharibu kazi ya mteja. Mwache yeye ndiye azipige hesabu: tano kwa nane ya inchi ni milimita ngapi? Sehemu alizozichukia darasani zitamkaa kichwani akizishika mkononi.