Siku 43 za Kithangathi

Mama yake Kithangathi alizaa usiku wa tarehe 2 Juni 2016, ndani ya mchanga, bila sauti. Asubuhi nilipofunua sanduku nikakuta vichwa 13 vya nyoka vimechomoza, kila kimoja kama punje ya hindi, na macho madogo yakitazama juu. Watoto 12 kati ya hao walikuwa wameshakula kabla mwezi haujaisha. Mmoja alikataa. Huyo mmoja ndiye aliyenifunza kazi.

Nilikuwa na miaka 19. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, karo ya chuo haikupatikana, na mjomba akaniombea kazi kwa mzee mmoja aliyekuwa na shamba dogo la nyoka nje ya mji wa Machakos, chini ya vilima vya Iveti. Kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, kilitundikwa ukutani pale mlangoni, na kila mgeni alionyeshwa kwanza hicho kabla ya kuonyeshwa nyoka. Mama alinisindikiza hadi barabarani siku ya kwanza. “Mwanangu,” akaniambia, “kazi zote za dunia zimekwisha hata uende kulisha nzoka?” Neno hilo la Kikamba alilitamka kwa sauti ya chini, kama watu wa kwetu wanavyolitamka usiku.

Nyoka tuliyemfuga kwa wingi pale ni yule tuliyemwita chatu wa mchanga. Ni mfupi na mnene, mgongo wake wa rangi ya chungwa una mabaka ya kahawia iliyokolea, na tumbo lake ni jeupe. Hana sumu. Jike hufika karibu sentimita 80, dume mara nyingi hapiti nusu mita. Hatagi mayai, huzaa watoto walio hai. Marekani na Ulaya hufugwa majumbani na huko hujulikana kwa jina la nchi yetu, ilhali Wakenya wengi hawajawahi kumwona, au walipomwona walimdhania kifutu wakamkata kwa jembe. Mtaalamu aliyeipa aina yetu jina mwaka 1932 alimkumbuka Arthur Loveridge, aliyefanya kazi katika makumbusho ya Nairobi na baadaye Tanganyika kabla ya kwenda chuo cha Harvard. Wetu yule mkaidi hakuwa na jina. Mimi ndiye niliyemwita Kithangathi, maana yake mchanga, kwa kuwa siku zote hizo sikuona zaidi ya mchanga na pua yake.

Mzee alikuwa amefanya kazi ujanani katika bustani ya nyoka ya Nairobi, ile iliyofunguliwa mwaka 1961 kando ya makumbusho. Sheria yake ya kwanza ilikuwa kwamba mtoto wa nyoka halishwi kabla hajajivua gamba mara ya kwanza. Anapozaliwa anabaki na akiba ya kiini tumboni, na akiba hiyo inamtosha kwa siku kadhaa. Kithangathi alijivua tarehe 11 Juni. Gamba lake lilikuwa jembamba kama ngozi ya kitunguu, nikalibandika kwenye daftari. Siku hiyo alikuwa na gramu 9.

Siku tatu baadaye nikamwekea chakula. Tulifuga panya weupe, na watoto wa nyoka walipewa vitoto vya panya visivyoota manyoya, vilivyokwisha kufa, vikapashwa joto ndani ya kikombe cha maji moto. Unakishika kitoto kwa kibano, unakipitisha taratibu juu ya mchanga, na nyoka mwenye njaa hurusha kichwa kwa ubavu, anauma, anajizungusha, anavuta chini. Ndugu zake walifanya hivyo. Yeye aligeuza kichwa, akazama.

Nikajaribu tena baada ya siku mbili. Akazama. Nikamwachia kitoto usiku kucha, asubuhi nikakikuta kilekile, kimekauka. Nikamwekea kilicho hai. Akakaa kona ya pili kana kwamba yeye ndiye anayewindwa. Kila jaribio niliandika: tarehe, saa, amekataa. Ukurasa mzima ulijaa neno hilo moja.

Leo nikisoma daftari lile naona jambo ambalo sikuliona wakati ule. Kati ya jaribio na jaribio niliandika pia mara nilizomfunua kumtazama. Asubuhi, saa nne, adhuhuri, jioni. Siku nyingine nilimfukua kwenye mchanga mara sita kuhakikisha yu hai. Na ilikuwa Juni, majira ambayo Machakos hufunikwa na mawingu wiki nzima na upepo wa vilimani hupenya hadi chini ya mlango. Stima ilipokatika, taa iliyompa joto ilizimika, na mimi nilidhani blanketi juu ya sanduku linatosha. Nyoka hana joto lake mwenyewe. Akipoa, tumbo lake halisagi chakula, na mwili wake unajua hivyo kabla yake. Kukataa kwake kulikuwa na sababu, nami nilikuwa miongoni mwa sababu hizo.

Tarehe 28 Juni mizani ilisoma gramu 7.6. Mzee alikuwa amesafiri Kitui kwa mazishi. Niliogopa kwamba atarudi akute mtoto amekufa mikononi mwangu. Nikamshika nyuma ya kichwa kwa vidole viwili, nikampanua mdomo kwa ncha ya kijiti, nikasukuma kitoto cha panya mpaka kikapita koo. Alijipinda mkononi kwa nguvu ambayo sikudhani kiumbe cha uzito ule kinaweza kuwa nayo. Niliporudisha mkono, kijiti kilikuwa na tone dogo la damu.

Alfajiri nikamkuta amelala juu ya mchanga. Chatu wa mchanga mwenye afya hukaa chini. Anayelala juu mchana kutwa ana shida. Kitoto cha panya kilikuwa pembeni yake, amekitapika, na harufu yake ilijaa chumba. Alikuwa amejikunja kama kifundo, kichwa kimefichwa katikati, na nilipogusa sanduku alitetemeka.

Mzee alirudi jioni. Hakupaza sauti. Alimtazama nyoka muda mrefu, kisha akanitazama mimi.

“Kijana wangu, hukumlisha huyu. Ulitaka wewe upate usingizi.”

Nikamwomba msamaha.

“Si mimi wa kuombwa,” akasema. “Sasa harufu ya panya na mkono wako kwake ni kitu kimoja, na vyote viwili atavikimbia. Tuanze upya.”

Kuanza upya kulikuwa hivi. Tulimtoa kwenye sanduku kubwa tukamhamishia kwenye mkebe wa plastiki usiozidi upana wa sahani, kwa kuwa mtoto wa nyoka akiwa mahali papana hujiona yuko wazi kwa kila adui. Mchanga nilikwenda kuuchota mwenyewe kwenye mto mkavu, ule mchanga ambao malori huubeba mchana na usiku kwenda kujenga Nairobi. Niliuchekecha, nikaukaanga juu ya jiko la makaa kuua wadudu, nikauacha upoe, nikamwekea kina cha vidole vinne. Upande mmoja wa mkebe tulielekeza taa mpaka kipimajoto kikasoma nyuzi 32, upande wa pili tukauacha na ubaridi wake ili achague mwenyewe. Kwa ajili ya stima kukatika, tuliweka chupa mbili za maji moto, nami nikazibadilisha kila baada ya saa tatu usiku. Kikombe kidogo cha maji. Karatasi nyeusi kuzunguka mkebe. Kisha Mzee akafunga kifuniko akasema siku kumi nisimguse, nisimfukue, nisimwonyeshe chakula.

Siku hizo kumi zilinishinda kuliko kazi yoyote ya jembe niliyowahi kufanya. Kungoja bila kufanya lolote, huku unajua kiumbe kinapungua, ni kazi pia, ila mikono haina pa kuishika. Jioni Mzee alinikalisha nje akanisimulia habari za watu wa nyoka wa zamani. Aliyemheshimu kuliko wote alikuwa James Ashe, aliyesimamia kitengo cha watambaazi katika makumbusho ya Nairobi, kisha mwaka 1980 yeye na mkewe Sanda wakaanzisha kituo cha Bio-Ken kule Watamu. Tangu miaka ya 1960 Ashe alishikilia kwamba yule swila mkubwa wa kahawia atemaye sumu, wa pwani na nyanda kavu, si ndugu wa tumbo moja na swila mwenye shingo nyeusi, ni aina yake peke yake. Alifariki mwaka 2004 bila kuona jambo hilo likikubaliwa. Mwaka 2007 wataalamu Wolfgang Wüster na Donald Broadley walilithibitisha, wakampa nyoka huyo jina la Ashe. “Miaka 40 aliangalia tu, akaandika alichokiona,” Mzee akasema. “Wewe umeshindwa na siku kumi?”

Tarehe 9 Julai tukampa kitoto cha panya kilichooshwa kwa maji matupu ili harufu ya panya ipungue. Akakataa, lakini safari hii hakukimbia. Alitoa ulimi mara tatu, akanusa, akabaki palepale. Niliandika: amekataa, hakuzama.

Ndipo Mzee akaniuliza swali ambalo ningepaswa kujiuliza mwezi mzima nyuma. “Huyu angezaliwa porini, Yatta au Tsavo, ukubwa huu angekula nini?” Nikafikiri. Panya mzima angemshinda. Angengoja chini ya mchanga mjusi mdogo apite. “Basi,” akasema, “mpe anachokijua.”

Usiku wa tarehe 14 nilisimama juu ya kiti chini ya taa ya veranda, mahali ambapo mijusi kafiri huvizia nondo. Nilimkamata mmoja kwa kikombe. Hatukumuua. Nilikisugua kitoto cha panya mgongoni na tumboni mwake, hasa kichwa cha kitoto, kisha mjusi nikamwachia ukutani akapotea nyuma ya mwimo wa mlango. Nikazima taa zote isipokuwa ile ya joto. Nikaweka kitoto juu ya kipande cha gome, sentimita tatu kutoka kwenye pua yake, nikarudi nyuma nikakaa sakafuni.

Dakika 20 hazikuwa na kitu. Kisha mchanga ukajikunja kidogo, kama kitambaa kinachovutwa kwa chini. Pua ikasogea. Ulimi ukatoka, mweusi, mwembamba kama uzi, ukagusa kitoto, ukarudi. Ukatoka tena. Halafu mchanga ukaruka. Nilipoona tena, kitoto kilikuwa kimeshikwa kwa ubavu na pete mbili za mwili wa chungwa zimekizunguka. Alikaa hivyo bila kusogea, kama dakika tano, akikibana chakula kilichokwisha kufa zamani. Kisha akatafuta kichwa chake, akafungua taya, akaanza kumeza. Niliona uvimbe ule mdogo ukishuka kooni hatua kwa hatua mpaka ukatulia tumboni. Akazama.

Nilitoka nje nikakimbia hadi nyumba ya Mzee. Aliamka, akaja na tochi, akautazama mchanga mtupu na gome tupu, akaitikia kwa kichwa. “Usimguse siku tatu,” akasema, akarudi kulala. Kwenye daftari niliandika: siku ya 43, amekula.

Baada ya hapo alikula kila wiki. Harufu ya mjusi tuliipunguza kidogo kidogo, kwanza kichwani tu, kisha puani tu, mpaka mwezi wa Septemba akapokea panya bila hila yoyote. Desemba mama alikuja kunitembelea. Alisimama mlangoni muda mrefu, kisha akanyoosha kidole kimoja, akamgusa mgongoni. “Kumbe ni mkavu,” akasema. Maisha yake yote aliamini nyoka ana utelezi.

Nawaandikia vijana wenzangu wa Ukambani kwa sababu nasikia wengine sasa wanaokota watoto wa nyoka kwenye mashimo ya mchanga ili wawafuge au wawauze. Msifanye hivyo. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inataka kibali, biashara ya chatu huyu nje ya nchi inasimamiwa na mkataba wa CITES, na zaidi ya sheria, mtoto wa porini aliyefungiwa na mtu asiye na ujuzi kwa kawaida hukataa kula, akafa kwa njaa. Ukikutana naye shambani, mwache apite, ni mla panya. Na wewe uliye na kibali, ambaye mtoto wako amekataa kula, angalia joto, angalia maficho, angalia ni mara ngapi umemsumbua, jiulize porini angekula nini. Usimsukumie chakula kooni kwa woga wako. Mwenye ujuzi na mganga wa mifugo wanajua lini jambo hilo halina budi, na siku hiyo ni nadra.

Niliacha kazi kule mwaka 2019. Siku niliyoondoka nilimpima Kithangathi mara ya mwisho. Alikuwa na gramu 74, na alikuwa amekula juzi yake.