Kutoka Mubi hadi Goma, kusikiliza muziki

Tangu turudi mnatuuliza sokoni tulifikaje Goma, tuliona nini kwenye Amani Festival, na kama ni kweli tulicheza. Kila mmoja wenu amepata jibu la nusunusu, maana mtu anajibu huku anapima mchele. Basi haya hapa yote kwa pamoja.

Tulikuwa wamama saba na wasichana wawili. Pesa hatukuomba kwa mtu. Likelemba ilitupa sehemu, na nyingine tulibeba migongoni: bidoni za mafuta ya mawese za kuuza Bukavu. Kwa nini Bukavu, na sisi tunakwenda Goma? Wageni wanashangaa, ninyi hamshangai. Goma ni mji mkuu wa jimbo letu, lakini njia ya kupita Masisi ilikuwa haipitiki kwa gari, na kwa miguu hakuna mama aliyemtuma binti yake huko siku zile. Kulikuwa na ndege zilizotua pale Kilambo juu ya lami, askari wakisimamisha pikipiki ili zipite. Hizo zilipenda kasiterite kuliko wamama. Kilo zetu na za mizigo yetu zingekula likelemba ya mwaka mzima. Ndiyo maana mtu wa Walikale, ili afike kwenye mji wake mwenyewe, alitoka kwanza katika jimbo lake.

Tulipita Musenge, tukavuka Hombo, tukaingia Kivu ya Kusini. Matope ya barabara hiyo mnayajua. Mara mbili tulishuka tukasukuma lori, na vizuizi vilikuwa vingi, kila kimoja na kamba yake na mkono wake ulionyooshwa. Risiti hatukupewa hata moja. Baada ya Bunyakiri barabara inapanda ndani ya msitu wa Kahuzi-Biega, baridi ikatushika, tukajifunga vitenge viwili viwili. Mafuta tuliyauza soko la Kadutu, kwa bei nzuri kuliko tulivyotarajia, kisha tukapanda boti. Wawili wetu walikuwa hawajawahi kuona maji yasiyo na ng'ambo. Walikaa katikati wakishikana mikono mpaka kisiwa cha Idjwi kilipobaki nyuma.

Goma ni mji mweusi. Kuta, njia, hata mawe ya kutegemeza chungu, yote ni moto wa Nyiragongo uliopoa. Mwaka 2002, mwezi wa kwanza, moto huo ulishuka ukapita katikati ya mji hadi ziwani, na watu wamejenga juu yake. Chukudu zinateremka na magunia ya makaa, na vijana wanaoziendesha hawampishi mtu.

Tamasha lilifanyika kwenye uwanja wa Collège Mwanga, siku tatu, tarehe 14 hadi 16 mwezi wa pili, mwaka 2014. Ilikuwa mara ya kwanza. Lilikuwa lifanyike mwezi wa nane mwaka 2013, lakini vita vilikuwa karibu mno na mji, likaahirishwa. Kumbukeni M23 waliingia Goma tarehe 20 Novemba 2012, na walishindwa mwaka mmoja tu baadaye. Kwa hiyo watu waliosimama nasi uwanjani ni watu waliokimbia juzi. Ukimuuliza jirani yako anatoka wapi, anakutajia kijiji, kisha kambi, kisha mtaa.

Kiingilio kilikuwa dola moja. Tunalisema hilo kwa makusudi, kwa sababu wazee wetu wana hadithi ya Kinshasa ya mwaka 1974, usiku tatu kwenye uwanja wa 20 Mai, James Brown na Miriam Makeba, na Franco wetu na Abeti Masikini wetu, wiki kadhaa kabla ya pigano la Ali na Foreman. Wanasimulia kama walikuwepo. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwepo. Walisikia kwa redio. Muziki mkubwa ulikuwa kitu cha watu wa mbali. Dola moja ilikuwa bei ambayo muuza sambaza aliweza kuitoa akaendelea kula jioni.

Mlangoni wanawake walipekuliwa na wanawake, na hilo lilitupendeza. Ndani kulikuwa na jukwaa refu, taa nyingi, na pembeni vibanda vya chakula na vya mashirika. Vijana wa kujitolea walikuwa kila mahali, wakionyesha njia. Sisi tulisimama upande wa kushoto, nyuma kidogo, kwenye mwinuko, tukapatana kwamba yeyote akipotea arudi kwenye mlango tulioingilia. Wasichana tuliwaandikia namba ya simu mkononi kwa kalamu. Walinuna, lakini mama anayesimama na binti katikati ya maelfu ya watu ana haki ya kununiwa.

Sasa jambo ambalo hatukulisema sokoni. Besi ilipopigwa mara ya kwanza, kabla hata ya mwimbaji kutokea, mama mmoja kati yetu alilala chini. Kifudifudi, mikono juu ya kichwa, akimvuta binti yake amfunike. Watu waliozunguka hawakucheka. Mwanamke mmoja tusiyemjua aliinama akamwambia polepole, "Mama, ni ngoma tu." Alisema hivyo kama mtu aliyekwisha kuambiwa maneno hayo mwenyewe. Tulimtoa pembeni, akanywa maji, akasema turudi nyumbani. Tulirudi naye wote.

Siku ya pili hatukumshawishi. Alivaa kitenge chake kizuri bila kusema kitu, akatangulia. Alisimama mbali, karibu na vibanda, vidole masikioni. Ilipofika rumba aliyashusha mikono. Siku ya tatu alicheza, na aliyeuliza kama tulicheza sasa amepata jibu: yeye alicheza kutushinda, na binti yake aliona aibu jinsi wasichana wanavyoona aibu kwa mama zao.

Baadhi ya baba zenu wanasema tumekula pesa za watoto kwa kelele, na kwamba nyimbo za amani hazinyang'anyi mtu bunduki. Kuhusu bunduki wana haki. Waliojificha katika misitu yetu hawakuja kusikiliza, na jukwaani amani ilitamkwa mara nyingi hadi neno likachoka. Lakini umati mkubwa namna ile tulikuwa tumeuona tu ukikimbia. Huu ulisimama mahali pamoja, usiku, ukiimba, watu wa makabila ambayo huku kwetu hayakopeshani chumvi. Hatusemi ni kitu gani hicho. Tunasema tulikiona.

Kwa wanaofikiri kwenda: msisimame mbele, huko vijana wanasukumana. Tokeni kabla ya wimbo wa mwisho, maana mlango ni mwembamba kuliko uwanja. Maji na sweta ni lazima, Goma usiku si Mubi. Mwenye mtoto wa kunyonya amwache kwa bibi, sauti ile si ya masikio madogo.

Hesabu iko kwa mhasibu wa chama, kila mwenye kitabu cha likelemba anaweza kuitazama Jumatano. Mafuta yalilipa nauli ya kwenda na sehemu ya kurudi. Kwa mwaka ujao tayari bidoni moja imejaa. Imeletwa na yule mama aliyelala chini.